Mkono Uliotulia

Ukitaka kumwona Kavutha akinyamaza, mtajie Ruqiya. Huyu mwanamke ambaye anaweza kubishana na mnunuzi wa nyanya mpaka nusu ya soko la Matuu isimame kusikiliza, ukimtajia Ruqiya hunyamaza kwanza, huvuta pumzi, kisha husema, "Huyo Mungu ndiye wa kumlipa, mimi sina cha kumlipa." Watu wa soko wamezoea. Wapo wanaomchokoza makusudi, waone kama siku moja atasema kitu kingine. Hajasema.

Na si kwamba ni ndugu. Kavutha ni Mkamba wa hapahapa, Mkatoliki, mjane wa Wathome, analima sukuma na nyanya kando ya mfereji wa Yatta. Ruqiya ni Msomali, mke wa Dayib yule mnunuzi wa mbuzi, na duka lake la mashuka na madera liko karibu na msikiti. Kilichowakutanisha ni ugonjwa wa akili. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wenyewe husema waziwazi. Ukinong'ona mbele ya Ruqiya atakuuliza kwani kuna mtoto amelala.

Walikutana kwenye benchi la zahanati. Kavutha aliletwa na kaka yake, Erastus, mikono imefungwa kwa leso. Tusimlaumu Erastus, alikuwa amechoka mtoto wa watu. Dada yake alikuwa halali usiku wala mchana. Alikuwa anapika isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, sufuria baada ya sufuria, utadhani analisha harusi, na harusi yenyewe haipo. Akimaliza kupika anatoka kuwahubiria ng'ombe wa majirani. Siku ile walipoingia zahanatini benchi zima lilisogea upande mmoja, na kila mtu akakumbuka kutazama simu yake. Ruqiya alikuwa amekuja kuchukua dawa zake mwenyewe. Ni yeye peke yake aliyesogea upande wa Kavutha, akakaa naye bega kwa bega.

"Abaayo," akamwambia, maana ndivyo Wasomali wanavyomwita dada, "mimi waliniingiza kwa mlango huohuo na kamba ya mbuzi. Wewe umeletwa na leso. Wewe ni mgeni wa heshima."

Mengi ya wakati ule Kavutha hayakumbuki, na anashukuru kwamba hayakumbuki. Hilo la kamba ya mbuzi analikumbuka neno kwa neno. Anasema alicheka, na kicheko kile alikijua kuwa ni chake, hakikuwa cha ugonjwa.

Dawa za hospitali alikolazwa zilifanya kazi yake, tusidanganyane. Zilimpa usingizi, zikapunguza ile kasi kichwani. Lakini dawa haijui kukusalimia sokoni. Dawa haiji kwako asubuhi ikakuuliza mbona hujafungua mlango. Hiyo kazi ilifanywa na mwethya.

Mwethya ni desturi ya Wakamba tangu enzi za mababu: leo tunakusanyika kwako tunachimba matuta ya shamba lako, siku nyingine tunakuja kwangu. Musembi, mwendesha boda boda ambaye naye aliwahi kulazwa kwa ugonjwa huohuo, ndiye aliyesema kwa nini wagonjwa wa akili wasiwe na mwethya wao. Mji ulicheka. Wakawaita mwethya wa wazimu. Musembi alilipenda jina hilo kiasi kwamba alitaka wachapishe fulana, ikabidi wenzake wamzuie. Basi kila Alhamisi huenda nyumbani kwa mmoja wao, wakafanya kazi yake: kupukuchua mahindi, kuchimba, kupiga lipu ukuta. Hawakai kwenye duara la viti wakiulizana unajisikiaje. Wanasema mtu aliyeinama na jembe husema mambo ambayo akiwa kitini angeyameza. Ruqiya alipokuja mara ya kwanza, na dera lake refu na viatu vya dukani, wakampa jembe, na kusema kweli alilima vibaya sana. Mpaka leo analima vibaya. Lakini haachi kuja.

Na wana sheria moja ambayo kwao ni kubwa kuliko zote. Kila mtu, akiwa mzima, huchagua shahidi wake. Husimama mbele ya wenzake akamweleza shahidi huyo jinsi ugonjwa unavyoanza kumrudia, hatua kwa hatua, na akampa ruhusa: ukiniona hivi, niambie. Kavutha alimchagua Ruqiya. Alisimama kwenye shamba la Musembi na udongo magotini, akasema, "Mimi nikianza, silali. Halafu napika kupita kiasi. Na ukiniambia nitakasirika. Nitakuita mwenye wivu, nakujulisha mapema, kwa sababu hata kaka yangu nilimwita hivyo. Usiondoke." Ruqiya akasema wallahi haondoki. Wengine wakaitikia kama kanisani, wakarudi kulima.

Sasa, Kavutha alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na kila mtu wa mwethya alilijua: mtoto wake. Mbithe, binti yake wa pekee, aliyebeba jina la nyanya yake kama ilivyo ada, alikuwa akiishi na huyo nyanya kule Ndithini tangu mama yake augue. Mama Wathome, yaani mama mkwe wa Kavutha, alimlea vizuri. Mtoto alikuwa msafi, anasoma, anakwenda kanisani. Kavutha hakuwa na neno baya la kusema. Ila kila akienda kumwona na kurudi peke yake, njia nzima alikuwa akijikaza asilie mbele za watu, na akifika kwake analia mpaka kuku wanasogea kumtazama.

Mama Wathome hakuwa mkatili. Alikuwa mzee aliyemzika mwanawe na hakutaka kumpoteza mjukuu. Safari moja Kavutha alipokwenda Ndithini alimmiminia chai. Na hapa ni lazima nieleze: vile vidonge anavyomeza vina kero yake, mikono hutetemeka. Si sana, ila kikombe husema. Yeye na Ruqiya wanameza dawa moja, na wakinywa chai pamoja vikombe na visahani vyao hulia mpaka Dayib huuliza kama kuna kengele ya shule. Wao hucheka. Lakini siku ile Ndithini chai ilimwagika kwenye kisahani, na Mama Wathome aliitazama ile chai, akasema kwa sauti ya chini, "Mtu hawezi kushika kikombe, atashika mtoto vipi?"

Neno hilo Kavutha alirudi nalo Matuu.

Kwa hiyo Mama Wathome aliposema atakuja Matuu Jumamosi ya mwisho ya likizo, aone nyumba na aone mambo, na kama ataridhika atamwacha mtoto asome shule ya hapa, Kavutha alifanya jambo ambalo ni mtu wa hali yake tu angelifanya. Aliacha dawa. Hakuziacha kwa sababu ya ubishi, wala mhubiri hakumwambia aziache. Aliziacha ili mkono utulie. Alitaka kumiminia mama mkwe wake chai bila tone kumwagika, basi, hayo tu. Alipanga kuanza tena Jumapili.

Na mkono ukatulia kweli. Siku za kwanza alikuwa akinyoosha vidole mbele ya dirisha akivitazama kwa furaha. Kichwa kikawa chepesi. Nyanya zikawa nyekundu zaidi, ndege wakawa wengi zaidi, na yeye akaanza kuamka kabla ya jogoo akiwa hana hata tone la uchovu. Akajiambia, kumbe nilikuwa nimepona siku nyingi, ni vile vidonge tu vilivyokuwa vikinizuia. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo mjanja, humjia mtu ukiwa umevaa nguo za afya. Alhamisi iliyofuata hakwenda kwenye mwethya, akatuma ujumbe kwamba ana maandalizi. Nani angebisha? Mtu anangoja mtoto wake.

Jumamosi ikafika. Ruqiya alialikwa, kwa kuwa Kavutha alitaka mama mkwe aone kwamba ana watu. Alikuja mapema na sahani ya mahamri na shuka jipya la kitanda cha Mbithe, lenye maua. Alimkuta Kavutha ameshapika kila kitu: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kuku, wali, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, na isyo kwenye sufuria kubwa kabisa, ile ya kuazima kanisani. Ruqiya aliyatazama yale masufuria. Lakini naye si mpumbavu, anajua mama mkwe akija mtu hupika. Akanyamaza, ila roho yake ikawa juu juu.

Mama Wathome akaingia na Mbithe amemshika mkono. Mtoto amerefuka, amenyolewa vizuri, amevaa sweta ya shule ijapokuwa ni likizo. Kavutha alimkumbatia mpaka akamwinua kutoka chini. Mbithe alimkumbatia pia, lakini hakusema mengi. Aliketi karibu na mlango akimfuata mama yake kwa macho kila alipokwenda. Nyanya yake akasema ni haya tu, atazoea.

Nyumba ilipendeza. Sakafu ilikuwa imepigwa deki mpaka inang'aa. Mama Wathome alizungukazunguka, akagusa pazia, akatazama kitanda chenye maua, akauliza maji wanateka wapi. Halafu akaketi kwenye kochi, na wakati wenyewe ukafika. Kavutha akaleta chupa ya chai na vikombe. Akamimina.

Chai ilishuka kama uzi. Hakuna tone lililomwagika. Alimpa mama mkwe kikombe kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na kisahani hakikutoa hata mlio. Mama Wathome aliangalia ule mkono, akanywa, akaangalia tena. Uso wake ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mwanawe akamtazama Kavutha kama mtu wa kawaida.

"Afadhali," akasema. "Naona umekuwa sawa. Mtoto atabaki."

Hayo ndiyo maneno Kavutha aliyokuwa ameyaota. Alisema asante, mwaitu, asante, na akainama karibu apige magoti. Yeye na mama mkwe walikuwa wakizungumza Kiswahili kwa ajili ya mgeni, lakini hilo la mwaitu, la kumwita mama, lilitoka kwa Kikamba. Kisha akamimina kikombe cha Ruqiya. Ruqiya alikipokea, na kisahani kikaanza kulia mkononi mwake kama kawaida. Akautazama mkono wake. Akautazama wa Kavutha, uliokuwa bado hewani na chupa nzito ya chai, umetulia tuli. 

Fikiria ungekuwa wewe. Mwenzako amengoja siku hii mpaka amekonda, na sasa hivi tu ameambiwa ndiyo. Chumba kizima kinaona afya. Ni wewe peke yako unayejua kwamba mkono ule ungepaswa kutetemeka. Ruqiya aliniambia baadaye kwamba alitamani awe kipofu kwa dakika chache tu, anywe chai yake, aende zake dukani.

Lakini alikuwa ameapa. Aliweka kikombe chini, akachukua sahani tupu, akamfuata Kavutha jikoni.

"Mkono wako hautetemeki," akasema.

"Si ndiyo vizuri?"

"Wangu unatetemeka." Ruqiya akaunyoosha mbele yake, aone. "Tunakula dawa moja, abaayo. Umeacha lini?"

Kavutha akacheka kicheko kirefu kupita kiasi, akaanza kupakua wali kwenye sahani ambazo hazikuwa na mtu wa kula. "Nimepona, Ruqiya. Kwani watu hawaponi? Kuna watu wanapona. Nilikuwa nangoja kukuambia, nilikuwa nataka hata nikuombee na wewe, maana hivi vidonge vinatufanya wazee bure..."

"Jana ulilala?"

"Nilikuwa napika."

"Na juzi?"

Hapo Kavutha akageuka na mwiko mkononi, na macho yake yalikuwa yamewaka. Akasema kwa sauti ya kunong'ona, ili isifike sebuleni, na kwa hiyo ikawa mbaya zaidi. "Una wivu. Ndiyo, una wivu. Mtoto wangu anarudi, na wewe unaumia kwa sababu wewe Mungu hakukupa."

Ruqiya hana mtoto. Yeye na Dayib wamengoja miaka. Kavutha ndiye mtu pekee nje ya nyumba yake aliyewahi kumwona akililia jambo hilo. Ruqiya aliiweka chini ile sahani tupu.

"La wivu ulilisema siku ile shambani kwa Musembi," akamjibu polepole. "Ulisema utaniita hivyo, na ukaniambia nisiondoke. Hilo la mtoto hukulisema. Hilo ni jipya, na tutalizungumza siku nyingine ukiwa mzima, maana limeniuma."

Kisha akakunja mikono ya dera, akachukua steelwool, akaanza kusugua sufuria.

"Unafanya nini?" Kavutha akamuuliza.

"Naosha. Mimi sitamwambia mama mkwe wako. Mtoto ni wako na mdomo ni wako. Lakini siendi mahali. Nikimaliza hii nitaosha ile nyingine, na leo kwako masufuria hayatakwisha."

Kavutha alitaka kumfukuza. Alifungua mdomo amfukuze. Lakini sauti ya ile steelwool ilikuwa ikikwaruza kwa kukatakata, kwa sababu ya ule mkono unaotetemeka, na aliijua sauti hiyo. Ndiyo aliyokuwa akiisikia nyumbani kwake ile miezi ya kwanza ya kutoka hospitali, wakati hakuweza hata kuchana nywele zake, na Ruqiya alikuwa akija kila asubuhi kabla ya kufungua duka, akamwoshea vyombo bila kumuuliza swali hata moja. Ruqiya hakuwa na deni lolote kwake. Hakuna aliyemtuma. Kavutha akasimama na mwiko wake, na katikati ya ile kasi yote iliyokuwa ikimzunguka kichwani, shukrani ikamshika, ikamshika vibaya, mpaka akasogea dirishani.

Kupitia dirisha dogo la jikoni aliweza kumwona Mbithe, ambaye alikuwa ametoka nje na amechuchumaa akiwatazama kuku. Akajiuliza: wiki ijayo, nikianza kuhubiri, mtoto huyu atakuwa wapi? Atakuwa ndani ya nyumba hii na mimi. Nani atakuwepo?

"Nikimwambia, anamchukua," akasema.

"Pengine."

"Anamchukua, Ruqiya. Hanipi tena."

"Pengine, abaayo. Sina la kukuahidi." Ruqiya hakuinua uso kutoka kwenye sufuria, kwa kuwa alikuwa analia na hakutaka machozi yake yamshawishi mwenzake upande wowote.

Kavutha akaweka mwiko chini. Akapiga moyo konde, akamwita Mbithe aingie ndani, akaenda kusimama mbele ya mama mkwe wake. Akapasua mbarika. Alisema, "Mwaitu, mkono huu umekudanganya. Niliacha dawa ili usitetemeke mbele yako. Sijalala vizuri siku nyingi. Ugonjwa unanirudia, nausikia, na mimi mwenyewe nilikuwa nauficha. Mrudishe mtoto Ndithini. Nikisimama sawasawa nitakuja kumwomba tena, hata kama ni mara ngapi." Alilisema lote kwa pumzi moja, haraka haraka, huku mikono yake mizuri iliyotulia ikining'inia kama ya mtu mwingine.

Mama Wathome aliweka kikombe chini. Alimgeukia Ruqiya, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na povu mpaka viwiko.

"Wewe mama, ulijuaje?"

Ruqiya akanyoosha mkono wake ule wa kutetemeka. Mzee akautazama. Alikitazama kikombe cha Ruqiya kilichobaki mezani, na chai iliyomwagika kwenye kisahani chake. Unaweza kusema aliona alichokuwa amefanya, kwa sababu bega lake moja lilishuka.

"Kwa hivyo ni ile siku ya chai," akasema. "Ni mimi nilifanya uache."

"Ni mimi niliacha, mwaitu."

"Nilisema neno bila kulipima." Mama Wathome akajifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Wathome kila Krismasi alikuwa ananiambia ameacha pombe. Kila Krismasi. Na mimi nilikuwa nafurahi, nachinja jogoo, na nilikuwa najua ananidanganya. Hajawahi kunijia hata siku moja akaniambia, mama, leo nimeanguka. Angeniambia ningefanya kitu. Sijui ni kitu gani, lakini ningefanya."

Kisha akasema kwa ile sauti yake kavu ya siku zote, "Mtoto siwezi kumwacha na wewe hivi."

"Najua."

"Kwa hivyo na mimi sirudi. Nitakaa na nyinyi hapa mpaka ulale kama watu wanavyolala. Ng'ombe wangu jirani atawakamua." Akavua viatu, akavisukuma chini ya kochi. "Na hii isyo yote ni ya nani? Ndithini nzima haiwezi kumaliza. Nani kati yenu ana simu, awaite hao watu wenu wa mwethya waje kula."

Kavutha alipiga magoti safari hii, hakuna aliyeweza kumzuia. Alishukuru kwa Kiswahili na kwa Kikamba, alimshukuru mama mkwe na Mungu na mwethya, na alipofika kwa Ruqiya maneno yakamwishia, akabaki ameushika upindo wa lile dera lililolowa maji ya vyombo. Ruqiya akamwambia ainuke, anamharibia nguo. Kisha akampigia nesi wa zahanati, ambaye alisema Kavutha asijianzishie vidonge kwa kipimo chake mwenyewe, aletwe alasiri hiihii wamwone. Musembi naye, alipopigiwa, akasema anawasha pikipiki.

Walipokuwa wakimngoja, Mbithe akasogea. Alikuwa hajasema kitu muda wote. Akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akamshika kidole.

"Mama, mimi nilijua tulipofika."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unaanza. Hukukaa chini. Ukianza kuugua hukai chini, hata ukila unasimama. Hiyo hutangulia hata kabla hujaanza kupika." Aliangalia sakafu. "Hata zamani nilikuwa najua. Lakini sikuwa na mtu wa kumwambia. Mjomba Erastus alisema watoto wasiingilie mambo ya watu wakubwa."

 Kavutha alimtazama binti yake. Kumbe miaka ile yote ya nyuma, mtoto ambaye alikuwa hata hajajua kufunga kamba za viatu alikuwa akiona, akihesabu milo ambayo mama yake alikula akiwa amesimama, na akilala na jambo hilo peke yake kitandani. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kavutha alivuta kiti, kwa shida, kwa sababu mwili wote ulikataa, akaketi, akamweka Mbithe kati ya magoti yake.

"Sasa una mtu," akamwambia. Akamwonyesha Ruqiya. "Ukiona hivyo tena, usingoje. Usiniulize mimi, mimi nitakukatalia. Mwambie huyu."

Ruqiya akaja, akachutama mpaka macho yao yakawa sawa. Alikuwa bado ananuka sabuni ya vyombo.

"Unajua namba yangu ya simu?"

"Sijui."

"Basi nifuate." Akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, polepole, na Mbithe akawa anairudia, akikosea na kuanza upya, akikosea na kuanza upya. Mama Wathome alikuwa amewapa mgongo, amejitia kutazama kuku nje ya dirisha. Lakini midomo yake ilikuwa ikienda nao, tarakimu kwa tarakimu, na walipofika mwisho yeye ndiye aliyewaambia waanze tena.